Mikanda ya msasa kwa finishi ya satini kwenye visu: chagua mkanda wa mwisho kwanza, halafu rudi nyuma

Wakuu, swali la satini linaulizwa sana na watu wanaotengeneza visu wenyewe, na jibu la haraka haraka wanalopewa ni "malizia na namba 400". (Namba ya mkanda inaonyesha ukubwa wa punje zake, namba ikipanda punje zinakuwa ndogo na mkanda unakuwa laini.) Basi mtu ananunua mkanda wa 400, anaupitisha kwenye bapa (ule ubavu wa kisu) lililotoka namba 80, pale mashineni anaona linapendeza, akilitoa nje juani anakuta michirizi mirefu imelala chini ya ule mng'ao na haitoki hata asugue mpaka mkanda uishe. Ile 400 haina kosa. Haikupewa nafasi ya kufanya kazi yake, kwa sababu mikanda ya katikati haikuwepo.

Satini ni mistari midogo midogo iliyolala upande mmoja na yenye kina kinacholingana, kiasi kwamba mwanga ukipiga unarudi laini bila kuakisi sura yako. Kinacholeta uzuri ni ulinganifu wa hiyo mistari, hata ikiwa minene kidogo. Kisu cha namba 220 ambacho mistari yake yote imenyooka ni kizuri kuliko cha 600 chenye mkwaruzo mmoja wa namba 60 unaokatiza katikati. Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja na ndio nitaufuata mpaka mwisho: amua kwanza mkanda wa mwisho, halafu hesabu ukirudi nyuma mpaka kwenye ule wa kuondolea chuma, usianze kwa kununua mikanda ya kwanza ukitumaini ya mwisho itajipanga yenyewe.

HATUA YA KWANZA: amua mistari ielekee wapi

Kwenye mashine ya mkanda, mistari karibu kila mara inatoka ikiwa imekatiza bapa, yaani inatoka mgongoni kushuka kwenye makali, kwa sababu unashika kisu kwa ulalo na mkanda unashuka mbele yako. Satini ya mashine ni hiyo. Ukitaka mistari inayokwenda kwa urefu, kutoka mpini mpaka ncha, hiyo mara nyingi inamaliziwa kwa mkono na karatasi ya msasa iliyozungushiwa kipande cha chuma au mbao ngumu, na mashine inakuwa ya kuandaa tu. Ni muhimu ujue mapema unataka ipi, maana kama utamalizia kwa mkono hakuna haja ya kununua mikanda laini sana, unaishia 220 au 400 kwenye mashine alafu unaanza na karatasi ya namba hiyo hiyo au iliyo chini yake kidogo, unasugua kwa urefu mpaka mistari yote iliyokatiza ife. Mistari ya mkono inakatiza ile ya mashine kwa pembe, kwa hiyo kila mkwaruzo wa zamani unaonekana wazi na hauwezi kujificha. Ni kazi ya taratibu lakini ni nzuri sana kwa visu vya zawadi.

Kwa kisu cha kazi, cha jikoni au cha porini, mimi napendelea satini ya mashine. Inatoka haraka, na ikichakaa mwenye kisu anaweza kuirudishia bila shida.

HATUA YA PILI: chagua mkanda wa mwisho

Namba 220 inatoa satini nzito, mistari unaiona ukiwa umesimama. Namba 400 ndio satini ambayo watu wengi wanaifikiria wakisema satini. Ukifika 600 na kuendelea inaanza kuwa laini mno, na hapo ndipo kila doa, kila alama ya kidole na kila mkwaruzo wa matumizi unaonekana, kwa hiyo usipande huko kwa sababu tu namba ni kubwa. Ila kuna jambo moja la kuzingatia, mistari minene inashika unyevu kuliko mistari laini, na kwa chuma cha kaboni ambacho kinashika kutu upesi hiyo ina maana. Kisu cha kaboni kitakachoshinda kwenye maji nisingekiacha 120, ningekifikisha angalau 400. Cha stenlesi kina uvumilivu zaidi.

HATUA YA TATU: hesabu kurudi nyuma

Hapa ndipo penyewe, someni polepole.

Kanuni ya mafundi wengi ni kwamba namba isiruke zaidi ya mara mbili hivi. Ukimalizia 400, kabla yake ni 220, kabla ya hapo 120, kabla ya hapo 60. Ukimalizia 600 unaongeza mmoja tu. Sababu yake iko kwenye ukubwa wa punje zenyewe. Kwenye vipimo vya Ulaya, vile vyenye herufi P mbele, punje ya P60 ina wastani wa maikroni 269 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), P120 ni 125, P220 ni 68 hivi, na P400 ni 35. Unaona kila hatua inapunguza punje karibu nusu. Punje ikipungua nusu, mkanda mpya unaweza kufikia chini ya mifereji ya mkanda uliopita kwa muda wa kawaida. Ukiruka kutoka 60 mpaka 400 unaiomba punje ya maikroni 35 ichimbe mpaka chini ya mfereji ulioachwa na punje iliyo kubwa zaidi ya mara saba. Itachimba, lakini itatumia muda mrefu, italeta joto jingi, na mkanda utakufa kabla haujafika.

Sasa kuna mtego kwenye namba zenyewe. Kuna vipimo vya Ulaya vyenye P na kuna vya Marekani visivyo na P, na kwenye namba za chini vinakaribiana kiasi kwamba huwezi kuona tofauti, ila kuanzia 220 kwenda juu vinaachana. 400 ya Marekani ina punje ya maikroni kama 23, wakati P400 ni 35. Yaani 400 ya Marekani ni karibu na P800, na 600 ya Marekani ni karibu na P1200. Mtu anachanganya mkanda wa P400 kutoka kwa muuzaji mmoja na karatasi ya 400 kutoka kwa mwingine, anashangaa kwa nini hawezi kufuta mistari wakati namba ni ile ile, kumbe ameruka hatua nzima. Geuza mkanda uangalie nyuma kama kuna hiyo P, ni kitu cha sekunde moja.

Alafu kuna mikanda yenye punje zilizopangwa kwa vipiramidi vidogo vidogo, kama Trizact ya 3M, ambayo inahesabiwa kinyume: A45 ni takriban P400 na A16 ni takriban P1200, yaani namba ikipungua mkanda ndio unazidi kuwa laini, kwa sababu ile namba inafuata ukubwa wa punje kwa maikroni. Mikanda hii kwa satini ni mizuri sana. Vipiramidi vinachakaa taratibu na kufungua punje mpya, kwa hiyo mstari unaotoa mwanzoni haupishani sana na unaotoa baadaye. Bei yake iko juu kuliko mikanda ya kawaida, kwa hiyo usiinunue kwa hatua zote, nunua kwa ile ya mwisho au mbili za mwisho.

HATUA YA NNE: aina ya punje

Seramiki ni ya kuondolea chuma. Punje zake zinavunjika zenyewe na kutoa ncha mpya, lakini ili zivunjike zinahitaji ukandamize na mashine iende kasi. Ukiibembeleza kwa spidi ndogo punje zinakuwa butu, mkanda unang'aa na kuanza kuunguza chuma, watu wanasema mkanda ni feki kumbe haukutumiwa inavyotakiwa. Itumie kwenye 36 na 60, basi. Zirkonia ni ya tabia hiyo hiyo ila inavumilia kidogo.

Kuanzia 120 kwenda juu, alumini oksaidi inatosha kwa vyuma vingi vya kaboni na stenlesi za kawaida. Punje zake zinakuwa butu taratibu badala ya kuvunjika, na kwa satini hiyo ni faida, mstari unalainika kadiri mkanda unavyozeeka. Silikoni kabaidi ina ncha kali zaidi lakini inakatika upesi, utaikuta zaidi kwenye karatasi za kusugulia na maji na kwenye mikanda ya namba za juu.

Tofauti inakuja ukitumia vyuma vyenye vanadi nyingi, ile metali inayochanganywa na chuma. Ndani ya hivyo vyuma kuna chembe za vanadi na kaboni ambazo ni ngumu kuliko punje za alumini oksaidi zenyewe, kwa hiyo mkanda wa kawaida unateleza juu yake, unapata mng'ao wa juu juu na mistari ya chini inabaki. Kwa vyuma hivyo endelea na seramiki mpaka namba za katikati, tafuta 120 na hata 220 ya seramiki, malizia na silikoni kabaidi au na ile ya vipiramidi, na usiwe na tamaa ya kwenda juu sana. Satini ya 220 iliyonyooka kwenye chuma cha namna hiyo ni kazi ya heshima kabisa.

HATUA YA TANO: kitambaa cha nyuma na kiungo

Hili nalipitia haraka. Kitambaa kizito, kinachoandikwa X au Y, ni kwa kuondoa chuma na kwa kukaa bapa kwenye plateni, lile bamba la chuma lililo nyuma ya mkanda. Kitambaa chepesi kinachoandikwa J kinapinda, na ndicho unachokihitaji karibu na mpini, pale mteremko wa bapa unapoanzia, kwa sababu unaweza kuusogeza mkanda utoke nje ya ukingo wa plateni milimita 2 au 3 ukajipinda wenyewe na kuingia kwenye ile kona bila kuchimba mfereji. Ukingo wa mkanda mpya ni mkali, upunguze kwanza kwa kuugusisha kipande cha mkanda mkuukuu ulichokigandisha kwenye mbao.

Kiungo, pale ncha mbili za mkanda zilipounganishwa, nacho kiangalie, mashine ikiwa IMEZIMWA. Pitisha kidole kwenye kiungo, ukisikia kituta basi hicho kituta kitagonga bapa kila mzunguko na utaona alama zinazojirudia kwa nafasi sawa. Kwa namba za chini haijalishi, kwa mkanda wa mwisho tafuta kiungo cha kugusanisha ncha na kubandika utepe kwa nyuma, na kisiwe cha kupandana. Na mshale ulioandikwa ndani ya mkanda ufuate.

HATUA YA SITA: spidi na joto

Spidi ya mkanda unaipata hivi: chukua kipenyo kwa mita cha gurudumu linaloendeshwa na mota, zidisha na 3.14, zidisha na mizunguko ya mota kwa dakika, halafu gawa kwa 60 upate mita kwa sekunde. Gurudumu la sentimita 10 kwenye mota ya mizunguko 1400 linakupa kama mita 7 kwa sekunde, na kwenye mota ya 2800 ni karibu 15. Ile ya kwanza ni nzuri kwa kumalizia, ya pili ni nzuri kwa kuondoa chuma. Kama una kidhibiti cha spidi, shusha kila unapopanda namba. Kama huna, basi punguza mkono na pitisha haraka haraka bila kusimama.

Joto ndilo linaloharibu kisu kizuri wakati wa kumalizia, kwa sababu mkanda laini unasugua zaidi ya kukata, na makali tayari ni membamba. Visu vingi vya kaboni vimelainishwa kwenye oveni kati ya nyuzi 180 na 230 za Selsiasi baada ya kukazwa kwa moto. Ukiona rangi ya bluu kwenye makali ujue hapo pameshafika karibu nyuzi 300 na ugumu umeshashuka, na kufuta ile rangi hakurudishi ugumu. Mimi nafanya hivi: nachovya bapa kwenye ndoo ya maji, nalipeleka kwenye mkanda likiwa bado limelowa, na macho yanakuwa kwenye ule utando wa maji karibu na makali. Utando unaanza kukauka kutoka makalini kupanda juu. Matone yaliyobaki yakianza kutetemeka, nachovya tena, sisubiri yachemke. Vidole vikae nyuma ya bapa bila glavu ili visikie joto, na glavu za kitambaa zisiwe karibu na mkanda kabisa maana zikinaswa zinavuta mkono.

HATUA YA SABA: kupitisha kwenyewe

Fanya kazi hii kabla ya kunoa. Makali yakiwa tayari yamenolewa mkanda unaweza kuyakamata na kukirusha kisu, na hata usipoumia utakuwa umeharibu kazi ya kunoa.

Mkanda mpya wa namba ya mwisho usiupeleke moja kwa moja kwenye kisu. Una punje chache zilizojitokeza juu kuliko wenzake, na hizo ndizo zinazochora mstari mmoja mrefu wa ajabu ambao hujui umetoka wapi. Upitishe kwanza kwenye kipande cha chuma chakavu mpaka mistari inayotoka ifanane.

Kila ukibadilisha namba, badilisha na pembe kidogo. Kama 120 ulishika kisu kikiwa kimelala sawa, kwenye 220 inua ncha kidogo ili mistari mipya ikatize ya zamani. Hapo utaona kabisa nini kimebaki. Kama bado una mashaka, paka bapa lote kwa kalamu ya maka nyeusi, pitisha mkanda mara moja au mbili kwa wepesi, wino utakaobaki ndani ya mifereji utakuonyesha kila mkwaruzo ambao haujafa. Alafu chukua taa, iweke chini kwa pembeni kiasi kwamba mwanga unateleza juu ya bapa, geuza kisu polepole. Mwanga wa dari unaficha, mwanga wa pembeni unasema kweli. Ukiona mkwaruzo wa namba iliyopita usiendelee mbele, rudi namba moja nyuma uumalize, hata kama kazi imeshakuchosha, kwa sababu huko mbele utazidi kuonekana.

Kati ya namba na namba futa kisu, futa plateni, futa na meza, badilisha na maji kwenye ndoo yakiwa machafu. Punje moja ya 60 iliyonasa kwenye mkanda wa 400 inatosha kuharibu upande mzima.

Kwenye namba ya mwisho nyoosha pembe, mistari iangalie upande mmoja, na pitisha kutoka karibu na mpini mpaka ncha kwa mwendo mmoja usiosimama, mkono mwepesi, mwili ndio unaosogea na viwiko vimebanwa mbavuni. Ukisimama katikati utaona doa la mistari iliyokolea. Ukifika kwenye ncha punguza nguvu, ndipo watu wanapoifanya ncha ya kisu iwe ya mviringo bila kujua. Nta kidogo kwenye mkanda laini inasaidia, inazuia unga wa chuma kuziba punje na mstari unatoka laini zaidi.

Je, ile mikanda ya nyuzinyuzi?

Watu wanaipenda, ile ya aina ya Scotch-Brite inayofanana na sponji ya kusugulia sufuria. Ya rangi ya kahawia ni ya kukwaruza, ya maruni ni ya kati, ya bluu ni laini sana. Inatoa satini nzuri ya kufanana upande mzima na kwa visu vya kazi naikubali. Ila iko wazi kwamba haifuti mikwaruzo mirefu, inailainisha kingo tu, kwa hiyo itumie baada ya 220 au 400 iliyokamilika. Pia inafanya kona ziwe za mviringo, ile kona ya mteremko uliyoihangaikia inaweza kupotea kwa kupitisha mara chache tu. Iendeshwe kwa spidi ndogo, ikipata joto inayeyuka na kuacha utando kwenye chuma. Mikanda ya kizibo, yaani ya ile nyenzo ya vizibo vya chupa, inakuja baada ya hapo, ukiipaka dawa ya kung'arishia inatoa satini yenye mng'ao wa ndani, lakini ikiwa mipya inakata kwa ukali kuliko unavyotegemea, ichakaze kwanza kwenye chuma chakavu.

Kinga usipuuze. Barakoa ya vumbi yenye kichujio cha kweli, miwani, nguo zisizoning'inia, na kama una mashine ya kufyonza vumbi la mbao usiifungulie wakati unasaga chuma, cheche zikifika kwenye vumbi la mbao zinaweza kulala humo na kuwaka baadaye ukiwa umeshafunga karakana.

Seti ya kuanzia kwa mtu anayetaka satini ya 400 kwenye chuma cha kaboni, ningenunua hivi: 60 ya seramiki yenye kitambaa kizito, 120 ya alumini oksaidi, 220 yenye kitambaa cha J, na ya mwisho A45 au P400 ya J. Ya 60 na 120 nunua zaidi ya mmoja mmoja maana ndizo zinazoisha. Mkanda wa 60 ukichoka uutupe, mkanda mchovu wa kuondolea chuma hauokoi hela, unaleta joto tu. Wa 400 uliochoka kidogo utunze, unaweza kuwa ndio mzuri zaidi kwa kupitisha mara ya mwisho.

Mikanda yako itundike kwenye kitu cha duara pana, usiikunje, mahali pakavu lakini pasipo na joto la kukausha gundi, na namba zikae mbali mbali ili punje zisidondokeane. Ndani ya kila mkanda andika kwa kalamu ya maka namba yake, chuma ulichoutumia, na kama ni mpya au umeshachakazwa.